Ufa Ardhini

Batiki humchosha mtu mahali asipopatarajia. Wanaokuja kutazama hupenda kile kipande cha mwanzo: nta inayeyuka kwenye sufuria, brashi inachovywa, mkono unapita juu ya kitambaa cheupe, maua yanatokea. Hapo kila mtu ni msanii. Kazi yenyewe inakuja baadaye, rangi ikishaingia na kukauka, pale inapobidi ile nta yote itoke. Unawasha moto, unateleka pipa la maji, unamimina sabuni ya unga, unatumbukiza kitambaa na kukikoroga kwa mti mpaka mabega yanawaka. Nta inapanda juu kama utando wa maziwa. Unaiengua. Unachemsha tena. Unasuuza, unakishika kitambaa, kumbe bado kinanata. Unarudi motoni.

Hayo niliyajulia uani kwa mama mmoja wa Dar es Salaam aliyekuwa akitengeneza sare za harusi. Nilikwenda kuandika makala, akanikabidhi mti. "Usikoroge kama uji, mwanangu," akaniambia. "Kikijikunja, nta inajificha kwenye mikunjo, na mteja ananirudishia." Nilikoroga kama uji. Mita nne zilitoka na mabaka, akaziweka kando bila kusema neno, na bei yake naikumbuka hadi leo kwa sababu nilizilipa mimi.

Ndiyo maana niliposoma kwa mara ya kwanza sababu iliyomfanya Emily Kame Kngwarreye aache batiki, nilicheka peke yangu. Huyu ni bibi ambaye mchoro wake mmoja uliuzwa mwaka 2017 kwa dola za Australia milioni 2.1. Wahakiki wameandika kurasa juu ya kurasa kueleza alivyohama kutoka kitambaa hadi turubai, kana kwamba ilikuwa hija ya roho. Mwenyewe alipoulizwa, alizungumza mambo ya jikoni. Kuchemsha na kuchemsha. Kuwasha moto kila mara. Sabuni inaisha. Macho nayo yamezeeka, hariri inataka macho. Akakiri na uvivu kidogo: turubai ni rahisi zaidi, basi.

Namwamini. Mtu aliyewahi kukoroga lile pipa hahitaji maelezo zaidi. Ila kuna jambo hakulisema, pengine kwa kuwa kwake halikuwa na haja ya kusemwa. Ile miaka kumi na mmoja ya nta na moto, kuanzia 1977 hadi 1988, ilimwachia mkono wa namna fulani na jicho la namna fulani, na vyote viwili vilitokana na kitu kinachoota chini ya ardhi.

Tuanze na jina lake. Kngwarreye, au Kngwarray kama wengi wanavyoliandika siku hizi, huwashinda Wazungu tangu herufi ya kwanza. Msomaji wa Kiswahili ana nafuu. Meza k ndogo kooni, tamka ng' ya ng'ombe, endelea na warai, umefika. Wala si jina la baba yake. Ni jina la fungu la kijamaa, ambalo kila mtu wa huko huzaliwa nalo, na kwa hilo watu hujua nani anaweza kumwoa nani, nani amwite nani shangazi, nani wa kumkwepa kwa heshima. Kame ndilo jina lake hasa. Maana yake ni mbegu za mmea mmoja wa porini. Mmea huo tutaufikia.

Alizaliwa yapata mwaka 1910 mahali paitwapo Alhalkere, katikati kabisa ya Australia, kiasi cha kilomita 250 kaskazini-mashariki ya mji wa Alice Springs. Watu wake ni Waanmatyerre, moja ya jamii nyingi za wenyeji wa nchi ile ambazo dunia imeziweka kapu moja na kuziita Waaborijini. Udongo wa huko ni mwekundu kama wa Dodoma ukikolea, nyasi ni ngumu na za kuchoma, miti ni mifupi, na mito ni mchanga mtupu kwa sehemu kubwa ya mwaka. Walowezi waliingia na ng'ombe zao katika miaka ya 1920, wakapima ardhi wakaipa jina Utopia, ambalo asili yake ni mahali pazuri pasipokuwepo duniani. Watu waliokuwepo hapo maelfu ya miaka wakajikuta vibarua kwenye ranchi. Emily alifanya kazi za nyumbani na za mifugo, na aliwahi kuswaga ngamia, wale ngamia walioletwa Australia karne ya 19 kutoka pande za India na Afghanistan ili wabebe mizigo jangwani.

Pale Alhalkere kuna mwamba wenye tundu. Emily naye alikuwa na tundu puani, kwenye ule ukuta wa katikati, lililotobolewa kwa heshima ya mwamba ule. Ukitazama picha zake za uzeeni utaliona: bibi wa kilemba au kofia ya sufu, sura imekunjamana, na pua inayosema ametoka wapi. Nchi yake aliibeba usoni kabla hajaichora popote.

Sasa mmea wenyewe. Waandishi wa Kiingereza huuita kiazi, nami nitafuata desturi hiyo, lakini mkulima wa kwetu akiyaona majani na maua yake atauita kwa ukoo mwingine kabisa. Jina lake la kitaalamu ni *Vigna lanceolata*. Kunde ni Vigna. Choroko ni Vigna. Njugu mawe ni Vigna. Kwa hiyo kiazi cha Emily ni mtoto wa mama mdogo wa kunde, aliyezaliwa bara jingine na kujifunza kuishi kwenye ukame. Mvua ikinyesha, hutambaa juu ya mchanga, huchanua maua ya njano, kisha jua linaporudi majani hunyauka na upepo huyapeperusha. Juu hapabaki kitu. Chini, mizizi imenenepa, myembamba na mirefu, yenye utamu na maji.

Mtu atajuaje pa kuchimba? Kwa ufa. Mzizi unaponenepa husukuma udongo, na udongo mkavu hauna subira, hupasuka. Juu ya ardhi hutokea mistari myembamba inayopinda na kugawanyika, kufuata njia ile ile ambayo mizizi imefuata huko chini. Wanawake na watoto hutembea wameinamisha macho, wameshika miti ya kuchimbia. Ufa ndio ramani yao. Waanmatyerre huuita mmea huu anwerlarr, na katika nchi ya Alhalkere si chakula tu. Ni mmoja wa wale waliotangulia, ambao safari zao zilizitengeneza nchi, nyimbo na sheria. Emily alipewa jina la mbegu zake, na alikuwa mwenye dhamana juu yake.

Batiki ilimfikia kwa njia ndefu, na kipande cha njia hiyo kinatuhusu sisi. Asili yake, kwa namna tunayoizungumzia hapa, ni Java. Katika karne ya 19 Waholanzi, waliokuwa watawala wa Java, walijaribu kuiga batiki kwa mashine ili wawauzie Wajava wenyewe. Kitambaa cha mashine kikatoka na nyufa za rangi pale nta ilipopasuka. Inasimuliwa kuwa Wajava walizidharau nyufa hizo, waliziona kasoro. Wafanyabiashara wakageuza merikebu na kuzipeleka bidhaa Afrika Magharibi, na huko wateja wakazipenda hasa kwa zile nyufa. Kiwanda cha Vlisco kilichoanzishwa Helmond, Uholanzi, mwaka 1846 bado kinauza mpaka leo, na kutoka kwenye ukoo huo ndiko vilikotoka vitenge tunavyoshona. Mama zetu wanaobishana sokoni kama kitenge ni "waksi" halisi au la, wanabishana juu ya nta ya Java bila kujua.

Njia ya pili ilikwenda kusini. Mwaka 1971 Mmarekani mmoja, Leo Brereton, aliwaonyesha batiki wanawake wa Ernabella, kijiji kilichoanza kama misheni ya Wapresbiteri mwaka 1937 katika jangwa la Australia Kusini. Wanawake hao, Wapitjantjatjara, walikuwa tayari na chumba chao cha kazi za mikono tangu 1948, wakisokota sufu na kufuma mazulia. Mwaka 1975 watatu kati yao, Nyukana Baker, Jillian Davey na Yipati, walipanda ndege hadi Yogyakarta kujifunza kwa Wajava wenyewe. Miaka miwili baadaye Yipati alikwenda Utopia pamoja na mwalimu Suzanne Bryce na kuendesha mafunzo. Kwa hiyo wanawake wa Utopia hawakufundishwa na Mzungu peke yake. Kungwi wao alikuwemo, mwanamke wa jangwani kama wao, aliyeketi chini kama wao.

Alikuwepo pia Jenny Green, kijana aliyekuwa akiwafundisha watu wazima kusoma na kuandika. Walikuwa wameanza kwa kufunga vitambaa vifundo na kuvichovya kwenye rangi. Nta ilipokuja wakaikamata haraka. Mwaka 1978 kikundi cha wanawake wa batiki wa Utopia kilikuwa kimesimama, na Emily, aliyekuwa ameshapita umri wa miaka 65, alikuwa mmoja wa waanzilishi.

Karakana haikuwepo. Kulikuwa na kivuli cha mti, moto, sufuria ya nta, na mwanamke aliyeketi kitako na kitambaa mapajani. Wajava wana kifaa chao cha kuchorea nta, canting, kijikombe cha shaba chenye mdomo mwembamba kama wa ndege. Kinadai utulivu na upepo uliolala. Jangwani upepo haulali. Brashi ilifaa zaidi. Nta huganda haraka ikiondoka motoni, kwa hiyo mkono hauna nafasi ya kusitasita: unachovya, unavuta, unarudi. Ukikosea hakuna kufuta. Walianza na pamba, baadaye wakapata hariri, na hariri inanyonya nta ya moto kama mchanga unavyonyonya maji. Vitambaa vilianikwa juu ya vichaka, mita kwa mita, vikipigwa na upepo wa jangwa. Nimeona picha. Kitambaa chenye majani kimetandikwa juu ya majani, na inakuchukua muda kuamua kipi kimeota na kipi kimechorwa.

Wenzake wengi walichora kwa unadhifu: maua, vipepeo, mimea ya kutambaa inayojipinda kutoka pindo hadi pindo. Emily tangu mwanzo alikuwa na mkono mzito. Mistari yake inakwenda mbio, inapishana, inapotea chini ya nukta. Humo mna majani ya kiazi, mna emu, yule mbuni wa Australia, mna mijusi, lakini huvioni mara moja. Inabidi uvifuate, kama mtu anayefuata ufa. Nukta zinawekwa juu ya mistari kana kwamba anaifukia. Rangi inapita kwenye mipasuko ya nta na kuacha vijishipa vyeusi visivyochorwa na mtu yeyote. Mjava wa zamani angekirudisha kitambaa hicho. Emily hakuona haja ya kuzuia nyufa. Katika nchi yake ufa ni habari njema.

Hapo ndipo ninapogombana na maneno yanayotumiwa kumweleza. Katalogi husema alipata msukumo kutokana na mandhari ya asili. Kwa wasanii wengine maneno hayo yanatosha. Kwake yanapotosha, na Kiswahili kinatusaidia kuona kosa. Mandhari ni neno tulilolichukua kwa Waarabu, na mzizi wake ni kutazama. Ili pawe na mandhari lazima awepo mtu amesimama mbali kidogo, labda juu ya kilima, mikono kiunoni, akitazama kitu ambacho yeye si sehemu yake. Ndiyo sababu michoro ya mandhari ina mstari wa upeo, mbingu juu na ardhi chini. Tafuta mstari huo katika kazi za Emily. Hutaupata. Aliketi juu ya ardhi, kitambaa kimelala mapajani au mchangani, akakizungusha kila upande, na upande wa juu haukuwepo. Alichokichora kilikuwa chini yake. Sehemu kubwa ya hicho haionekani hata kwa macho: mizizi, mbegu zinazongoja mvua, njia alizopita emu wa kale.

Na hakuanza kuchora mwaka 1977. Magazeti yalipenda hadithi ya bibi kizee aliyegundua kipaji akiwa anakaribia miaka 80, hadithi inayouzika na inayomfanya kila mstaafu ajinunulie brashi. Wanawake wa Utopia wana ngoma na nyimbo ziitwazo awelye. Kabla ya kucheza hupakana mafuta mwilini, kisha huchorana kwa udongo mwekundu, wa njano na mweupe: mistari mabegani, mistari kifuani, inayofuata mkunjo wa titi. Kila mstari una nchi yake na mwenye haki ya kuuchora. Emily alikuwa kiongozi wa awelye. Alikuwa amechora juu ya ngozi hai kwa zaidi ya nusu karne kabla mtu hajamkabidhi kitambaa. Hariri yenye nta moto, laini, inayonyooka na kukunjamana chini ya mkono, haikuwa mbali sana na bega la dada yake.

Hapa niseme kidogo kuhusu neno jingine, lile ambalo Kiingereza hulitumia kwa imani hizi za waliotangulia, ambalo tukilitafsiri moja kwa moja tutapata "ndoto". Nimeliona likifanywa hivyo katika gazeti letu moja na nikasikitika. Hakuna aliyelala hapa. Altyerr, kama wanavyosema wenyewe, ni asili ambayo haikupita: wahenga waliotembea juu ya nchi na kuiumba bado wamo ndani ya miamba, visima na mimea. Mzee wa Kipare anayekuonyesha msitu wa matambiko na kukuambia usiingie na viatu angeelewa haraka kuliko profesa.

Watu wa Utopia walihitaji kulieleza hilo mbele ya sheria. Mwaka 1976 bunge la Australia lilipitisha sheria iliyowaruhusu wenyeji wa eneo la Kaskazini kudai ardhi yao, ila ilibidi wathibitishe kuwa ni yao kwa desturi. Shauri la Utopia lilisikilizwa mwaka 1979. Wanawake walitoa ushahidi wao kwa awelye: wakaimba, wakacheza, miili imechorwa mistari ya nchi wanayoidai. Batiki nazo zilikuwa zikiwaingizia fedha za matumizi, za kuwezesha watu kukusanyika na kusafiri. Wakaipata ardhi. Mchoro ambao sisi tungeutundika ukutani kama pambo, wao waliutumia kama hati ya shamba.

Miaka ikapita kwa moto na sabuni. Kufikia 1988 kikundi kilikuwa kimetengeneza vitambaa 88 vya hariri vilivyonunuliwa vyote na familia moja ya wakusanyaji, ya Holmes à Court, na vikazunguka ng'ambo kwa maonyesho. Mwishoni mwa mwaka huo huo Rodney Gooch, aliyekuwa akiwauzia kazi zao, aligawa turubai ndogo na rangi za akriliki wajaribu. Emily alichora mchoro ambao umepewa jina la mwanamke wa emu. Mistari ya kifuani imo, nukta zimo, na juu yake kuna ule uharaka wa mtu aliyezoea kwamba sufuria inapoa.

Yaliyofuata yameandikwa na wengi na sina hamu ya kuyarudia. Katika miaka minane iliyobaki inakadiriwa alichora kazi 3,000 hivi. Mwaka 1992 serikali ilimpa tuzo kubwa ya wasanii. Mwaka 1997, akiwa ameshafariki, kazi zake ziliiwakilisha Australia katika maonyesho ya Venice, pamoja na za Judy Watson na Yvonne Koolmatrie. Wanunuzi walifika na magari yao, kila mmoja na turubai zake, na nyuma ya bibi mmoja aliyeketi mchangani kulikuwa na ukoo mzima wa kulisha. Mchoro wake wa 1994, unaojulikana kwa jina la uumbaji wa dunia, uliuzwa mwaka 2007 kwa dola 1,056,000, kisha kwa zile milioni mbili nilizozitaja. Ni fedha za watu wengine hizo. Yeye alifariki Septemba 1996.

Kitambaa kilibaki nyuma, kama ndugu asiyealikwa. Makumbusho yanaweka turubai ukumbini na batiki stoo, kwa hoja kwamba hariri inaogopa mwanga, ambayo ni kweli, na kwa hoja nyingine isiyosemwa, kwamba kitambaa ni kazi ya wanawake na cha kuvaa. Mambo yameanza kubadilika. Maonyesho makubwa ya kazi zake yaliyofunguliwa mwishoni mwa 2023 katika jumba la taifa la sanaa mjini Canberra, na baadaye kuhamia Tate Modern ya London mwaka 2025, yaliziweka batiki pamoja na turubai, na watu waliokwenda kwa ajili ya majina makubwa wakajikuta wamesimama chini ya vitambaa vilivyoning'inizwa.

Kuna kesi moja ambayo kila anayetengeneza nguo hapa kwetu angefaa aisikie. Haimhusu Emily. Inatoka Arnhem Land, kaskazini kabisa, ambako mchoraji John Bulun Bulun alikuta mchoro wake wa bata bukini na mayungiyungi ya kisimani umechapishwa juu ya kitambaa na kuuzwa na kampuni iliyokuwa haijamwomba ruhusa. Kampuni ilikubali kosa kwake. Lakini watu wa ukoo wake, Waganalbingu, nao walikwenda mahakamani, wakisema kisima kile ni chao wote na mchoro wake ni mali ya ukoo. Hukumu ya mwaka 1998 haikuwapa umiliki wa mchoro. Hata hivyo jaji alikubali jambo ambalo sheria ya hakimiliki haikuwa imelisema: kwamba mchoraji mwenyewe, ingawa hakimiliki ni yake, ana wajibu kwa ukoo wake, na haruhusiwi kuutumia mchoro ule kwa namna ya kuwadhuru. Ninapopita madukani na kuona nukta za jangwani zimepigwa chapa juu ya mashuka ya bei poa, nakumbuka kisima kile. Nukta zile si pambo lisilo na mwenyewe. Mtu fulani mahali fulani alipewa haki ya kuziweka, na mwingine akanyimwa.

Nirudi kwa Emily, mwaka 1995, mwaka mmoja kabla ya kifo chake. Walimtandikia turubai moja kubwa kupita kiasi, urefu mita nane, upana karibu mita tatu, iliyopakwa rangi nyeusi yote. Aliketi juu yake, akisogea kadiri alivyoendelea, na kwa siku mbili akachora kiazi. Safari hii hakuweka nukta, hakuweka rangi ya pili. Ni mstari mweupe tu, unapinda, unagawanyika, unakutana na mwenzake, unaondoka tena, bila mwanzo unaoweza kuuonyesha kwa kidole. Kazi hiyo iko Melbourne, katika jumba la sanaa la Victoria, na jina lake ni Anwerlarr anganenty.

Waliosomea sanaa wametaja majina ya wachoraji wa New York mbele ya mchoro huo. Mimi mbele ya picha yake naliona pipa la uani. Mtu anayechora kwa nta juu ya kitambaa cheupe, kisha akakizamisha kwenye rangi nyeusi, halafu akachemsha, akaengua, akachemsha tena mpaka nta yote ikaisha, anachokitoa majini akakikunjua juani ni hicho hicho: weusi mtupu, na ndani yake mistari myeupe mahali nta ilipokuwa. Bibi alikuwa ameacha kuchemsha kwa miaka saba. Alichota rangi nyeupe kwenye kopo, akaanza upande mmoja, akafuata ufa.